Shimo Lililopigwa Lipu

Newala

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza maumivu na ile dawa ya kuchua imekufikia. Mimi mzima, nakula, nalala, ila nina hasira, nayo ndiyo imenishikisha kalamu.

Nasikia huko Lupaso inasemwa mwanao anakula saruji za watu. Eti kondakta wa basi ndiye aliyeleta habari, nawe umeacha kwenda jumuiya kwa aibu. Sasa sikia mambo yalivyokuwa.

Tangu wanunuzi binafsi wa korosho waruhusiwe, hapa kila mwenye kiwanja anajenga gesti, na kila gesti inataka choo cha kumwaga maji, ingawa maji yenyewe yananunuliwa kwa ndoo. Nilijenga vyoo vya gesti tatu. Kila kimoja nilikichimbia mashimo mawili. La kwanza nikalipiga lipu, uchafu utulie humo. La pili nikaliacha chini udongo mtupu, na ukutani matundu kati ya matofali, ili maji yanywewe na ardhi. Kazi hiyo niliiiba kwa macho nikibeba zege Mtwara. Unajua hakuna aliyenilipia shule.

Vyoo vyote vitatu vikafurika. Ua ukanuka, wageni wakahama. Baba Asumini, mwenye gesti ya kwanza, akasimama stendi akatangaza kwamba nimeiba saruji. Bwana afya wa mji akaja kuchunguza. "Fundi," akaniambia, "lalamiko moja ningesema bahati mbaya. Matatu siwezi."

Sikubishana. Nikamuuliza Baba Asumini ana wageni wangapi. Kumi. Kila mmoja ndoo ngapi? Mbili, kuoga na choo. "Basi ndoo ishirini kwa siku," nikamwambia bwana afya, "na shimo la pili linabeba mia nne. Likiwa halinywi kitu, mwezi hauishi kabla halijajaa."

"Na haukuisha!" akadakia Baba Asumini. "Tangu tukumalizie kazi yako, mwezi haukuisha."

"Kunimalizia kazi gani?"

"Si uliacha matundu, saruji ya lipu ukaila? Nilimwita Mzee Chitanda akayaziba. Wenzangu nao wakamwita."

Tukafunua shimo la pili, tukateka yale maji hadi chini. Mama, nimeona lipu nyingi, lakini ile! Kuta hadi sakafu, inang'aa kama sahani. Mzee Chitanda ni fundi wa visima vya kukingia mvua, maana huku juu mlimani mtu akichimba shimo ni la kutunzia maji mpaka masika mengine. Akaitwa.

"Mwanangu," akaniuliza, kwa upole kabisa, "shimo gani lisipigwe lipu? Maji si yatapotea?"

"Mzee, haya ndiyo tunataka yapotee."

Akanitazama kama mgonjwa. "Nimezeekea hapa Newala. Sijaona mtu anayetaka maji yapotee."

Watu wakacheka, hata bwana afya akageuka ukutani. Kisha akaamua lipu ivunjwe, mashimo yote matatu. Mzee Chitanda alivunja mwenyewe kwa tindo, kila pigo akilalamika, "Lipu nzuri hii, jamani." Tulipomwaga ndoo za kwanza, maji yalizama huku tunatazama.

Baba Asumini akanipa mkono. "Haya fundi, yameisha."

"Hapa yameisha," nikamjibu. "Lupaso bado."

Nisalimie shangazi anayekaa nawe, na kaka, nimesikia mikorosho ameipalilia vizuri. Nisalimie pia jirani yetu Mama Salima, aliyewahi kuliko wote kukuletea maneno ya kondakta.

Huyo aliyekukabidhi barua hii ndiye Baba Asumini. Alikuwa anashuka Masasi kwa shughuli zake, nikamwambia asogee hadi kwetu. Mpe kiti, mpikie, ni mgeni. Akishashiba, mwite Mama Salima na wengine walio karibu, kisha mwambie mgeni aseme alichokuja kusema. Na aseme kwa sauti, mama, maana kule stendi hakunong'ona.

Ni mimi mwanao,
Bonifasi