Mhimili Mfupi Kuliko Yote

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na kifua kimetulia. Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo. Kumpikia mtu mmoja kunakatisha tamaa. Nusu ya chakula naila nimesimama jikoni.

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za afya ukanijibu habari za mvua. Misumeno ya kiwanda cha mbao ilikula masikio yako, basi tuandikiane tu.

Kazi nimeizoea, upweke bado. Walimu wenzangu wote wanakaa mjini. Kengele ya mwisho ikilia, wanawahi basi kuliko wanafunzi, nabaki mimi na bomba la uani linalodondosha maji.

Darasani nafundisha grafu za mihimili, zile nguzo zinazosimama kando kwa kando: ndefu ni ya wengi, fupi ni ya wachache. Mfano wa kitabuni ni magari ya rangi mbalimbali yaliyopita barabarani. Watoto wanachora kama wanaotumikia adhabu. Mmoja kachora mhimili mnene kama kabati na wa pili mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Nikamuuliza kulikoni, akasema, "Huo wa pili nilikuwa nimeshachoka, mwalimu."

Usisahau dawa zako.

Binti yako


21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nami sijambo. Kifua kinakohoa, lakini kwa adabu. Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa ghafla, hata paka wa jirani ameacha kuja, nadhani anaona hakuna wa kumwonea huruma.

Kuhusu hiyo kazi yako: mihimili ninayoijua mimi ni ya kubeba paa, kwa hiyo usinitegemee sana. Ila magari ya rangi yanamhusu nani? Wewe ulipokuwa mdogo hukutaka kuhesabu misumari, lakini nyama kwenye bakuli la binamu yako ulikuwa unazihesabu bila kutumwa. Waulize mambo yao wenyewe.

Ule ukiwa umekaa.

Baba yako


15 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko? Hapa leo nina la kukusimulia.

Niliwauliza wanafunzi: jana jioni ulikula na nani? Nikaandika majibu ubaoni: wazazi wote wawili, mama, baba, bibi au babu, ndugu. Mwisho nikaongeza "peke yangu", maana kila jibu lazima liwe na mahali pake. Wakanyoosha mikono, na kwa kila mkono nikachora kijiti, cha tano kikikata vinne vilivyotangulia. Kelele zilikuwa za sokoni. Kuna aliyetaka kuhesabiwa mara mbili kwa kuwa alikula kwao, kisha akala kwa shangazi.

Nilipofika "peke yangu" ulinyooka mkono mmoja, karibu na dirisha. Ni wa msichana wanayemwita Bibi Mdogo, kwa jinsi anavyoongea kama mtu mwenye wajukuu. Wenzake wakacheka. Nikauliza, "Nani mwingine?" Hakuna mkono. Basi nikachukua chaki nikachora kijiti cha pili.

"Huyo ni nani, mwalimu?"

"Ni mimi."

Kicheko kikakatika. Bibi Mdogo akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akainama kwenye daftari lake.

Baba, walichora vizuri siku hiyo. Idadi kwenye mstari uliosimama, majibu kwenye mstari uliolala, mihimili ya upana mmoja, nafasi sawa katikati. Grafu ya Bibi Mdogo, aliyoipaka rangi, ilishinda zote. Nimeibandika nje ya ofisi, jina lake chini, wazazi waione watakapokuja kuchukua matokeo.

Binti yako


4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Natumaini ni posta, si kifua.

Bibi Mdogo haji shuleni. Aliyekuja ni mama yake. Alikuja asubuhi akitoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, unga bado uko kwenye nyusi. Alisimama mbele ya ile grafu, wazazi wengine wakiwa nyuma yake, akachomoa pini moja moja akaniwekea mkononi.

"Mwalimu, nani alikutuma unitundike ukutani?"

Nikamwambia ni hesabu tu, hakuna aliyemsema.

"Majirani zangu wanajua kusoma, na watoto wao wamewaambia nani alinyoosha mkono," akasema, akaikunja karatasi akaondoka nayo.

Mwalimu mkuu ameniambia nirudi kwenye magari. Nimerudi. Kiti cha dirishani kiko wazi, na kila nikigeuka kutoka ubaoni ndicho macho yangu yanachokiona. Nilidhani nimemtoa mtoto upweke, kumbe nimemwanika.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Binti yako


13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Si posta wala si kifua. Barua yako ya ile grafu niliisoma, nikaiweka kando kila siku nikisema kesho.

Ningekuwa darasani kwako, ningenyoosha mkono na yule mtoto. Nisingeona haya mbele yako. Lakini muuza duka angeona jina langu limebandikwa pale, ningezunguka njia ya nyuma mwezi mzima. Huyo mama mwelewe hivyo. Anatoka usiku ili mtoto ale, halafu anakuta kule kutoka kwake ndiko kulikochorwa.

Nenda kwake. Usimwite shuleni. Usipeleke zawadi, ataona umekuja kumlipa. Nenda mchana akishaamka, ukae chini, umwache aseme.

Baba yako


10 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimekwenda.

Wanakaa chumba kimoja nyuma ya gereji. Mama alikuwa anapiga pasi sare yake. Hakunikaribisha, ila aliondoa nguo kwenye kiti, nikakaa. Nikamwambia, "Nilikosea. Ilitakiwa nikuulize kwanza." Akapiga pasi mkono mzima wa shati.

"Nampikia kabla sijatoka," akasema mwishowe. "Namfunikia. Nikiwa pale kwenye tanuri, najua saa anayofunua. Kila siku najua. Sasa wewe ukaja kunionyesha kwa rangi."

Nikaitikia kwa kichwa.

Bibi Mdogo alikuwa mlangoni, anaosha viatu. Akasema bila kugeuka, "Mimi sikukasirika, mama. Nilikuwa mmoja, mwalimu akafanya tukawa wawili."

Mama akaweka pasi chini. Alilia kidogo, kama mtu asiye na muda. Kisha akanipakulia, tukala sote watatu saa kumi, mapema, kabla ya zamu. Akasema nikipenda nije tena. Mtoto amerudi darasani, na siku tatu kwa wiki nakula kwao.

Binti yako


18 Juni

Baba,

Shikamoo. Hali yangu ni nzuri, usiwe na wasiwasi.

Wamehama. Mama amepata zamu ya mchana katika kiwanda kingine, mbali na hapa. Ni habari njema, na nilimwambia hivyo. Jioni sasa watakuwa pamoja, ndicho alichokuwa anakitafuta muda wote.

Bibi Mdogo alikuja kuniaga. Alinipa mkono kama mtu mzima, akaniambia, "Mwalimu, ujitahidi kula." Nikamwahidi. Halafu nikafunga darasa nikarudi nyumbani.

Leo sina mengi.

Binti yako


27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi, nikaisoma mara nyingi kuliko zile ndefu.

Leo nilikwenda kituo cha mabasi. Mkata tiketi hakunisikia, au mimi ndiye sikumsikia yeye, basi nikautaja mji wako kwa sauti mpaka foleni nzima ikajua ninakokwenda. Mama mmoja akaniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia, kwa binti yangu, ni mwalimu. Akasema, "Atafurahi." Hilo nililisikia vizuri.

Jumamosi naondoka na basi la asubuhi. Nguo nimeshafunga, ufunguo wa akiba nimemwachia jirani. Sijasema nitarudi lini, na yeye hakuniuliza.

Usijibu barua hii. Jibu halitanikuta.

Baba yako