Pale Chini ya Goli la Kaskazini

Shamba la Zahradnik,
Harlan Creek, Iowa.
Jumatano, 9 Februari

Mpendwa Shangazi Lorene,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, wewe na Mjomba Neville na binamu zangu wote. Natumaini joto la Tasmania halijawachosha, na kwamba goti lako limepata nguvu baada ya upasuaji. Sisi huku tu wazima wa mwili. Theluji imefikia madirisha ya ghala, ng'ombe wanakula, na bomba la jikoni limeganda tena.

Barua yako ya Krismasi ilifika. Uliuliza Mama anaendeleaje tangu tumzike Baba, ukasisitiza nikujibu kwa ukweli, si kwa adabu. Nimechelewa kwa kuwa sikuwa na la kuandika. Anaamka, anapika, anaosha vyombo. Hajalia, nami sijalia. Ni kama mdomo baada ya sindano ya daktari wa meno: unajua ni wako, lakini hata ukiuuma huhisi kitu. Sasa limetokea jambo la juzi, na huenda hilo ndilo jibu.

Juzi jioni chama chetu kilifanya mkutano wa mchujo wa kuteua mgombea urais, katika ukumbi ule ule wa michezo wa shule uliyosoma wewe. Hakuna kilichobadilika. Kila mgombea hubandikiwa bango lake ukutani, nawe huenda ukasimama chini ya yule umtakaye, majirani wote wakikutazama. Kundi lisilofikia asilimia kumi na tano ya waliohudhuria huvunjwa, na watu wake huhamia kwingine au hurudi makwao.

Unaufahamu msimamo wangu. Tasnifu yangu ya shahada, ambayo kitivo kizima kiliisifu, ilitetea jambo moja tu: kwamba raia apige kura ya mchujo kwa karatasi, faraghani, asimwogope jirani wala mwajiri. Bado naamini kwamba hoja zangu hazijajibiwa na mtu yeyote. Hata hivyo, sheria ikiwa bado ni ya kusimama, nilisimama, tena nikiwa kiongozi wa kundi la seneta tunayemuunga mkono. Mama aliniahidi kwamba angesimama nami.

Tulipoingia, alivua glavu, akapita kando yangu, akaenda moja kwa moja chini ya goli la kikapu la upande wa kaskazini. Ndipo Baba alipokuwa akisimama katika kila mchujo, Mama akiwa kuliani kwake, mgombea awe yeyote. Safari hii mahali hapo palikuwa pamebandikwa bango la gavana. Ndiye yule gavana aliyewaruhusu wenye mabanda makubwa ya nguruwe kumwaga uchafu karibu na visima vyetu, na ambaye Baba hakuwahi kumtaja kwa jina lililo safi.

Kiongozi wa kundi la gavana alikuwa Verna Kostal, yule wa duka la mbegu, mwenye sinia la kolache, ile mikate midogo mitamu ya matunda, mkononi.

"Emmett, mwanangu, hamia huku!" alinipigia kelele. "Sisi tuna kolache za plamu. Nyie huko mna nini, hotuba?"

Watu wakacheka. Kisha akamwona Mama. "Heh, Darlene! Leland angefufuka leo akuone hapa!"

Hapo hakucheka mtu. Verna mwenyewe alitazama sinia lake.

Mwenyekiti, mzee Gaylen aliyekuwa akiendesha basi la shule, alihesabu, akatangaza: "Kundi la seneta, mmepungukiwa na mtu mmoja. Mna robo saa. Mpate mtu au mvunjike."

Wenzangu wote walinigeukia. Nilivuka ukumbi.

"Mama, uliniahidi."

"Najua."

"Unajua Baba alikuwa anamwitaje huyu gavana?"

"Namjua baba yako kuliko wewe."

"Sasa mbona umesimama kwenye bango lake?"

"Mimi niko pangu, Emmett. Bango ndilo lililokuja."

Nilimweleza kwamba kwa mujibu wa kanuni, kusimama pale ni kumchagua gavana. Nilimweleza kwamba bila yeye tungevunjwa. Nilizungumza vizuri, Shangazi; nilijisikia nikizungumza vizuri. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya chumba cha pili. Verna alipotaka kujisogeza karibu naye, alinyoosha mkono wake wa kushoto na kusema, "Hapo pana mtu."

Verna alirudi nyuma, akaiacha nafasi wazi.

Robo saa ilikwisha. Kundi letu likavunjwa. Mwalimu Haskell alichukua koti lake bila kuniaga, na wengine wakatawanyika. Gaylen alianza hesabu ya mwisho, akipita na kumgusa kila mtu begani. Alipofika kwa Mama, mkono wake ulibaki juu ya nafasi ile, akawa hajui aupeleke wapi.

Nilikwenda nikasimama pale.

"Emmett, una uhakika?" aliniuliza Gaylen.

"Hesabu," nikasema.

Akahesabu. Sikuona aibu, wala fahari. Mama alinishika mkono wa koti, macho yakiwa mbele. Hivyo basi, mwana wa Leland Zahradnik amehesabiwa upande wa gavana, na mji mzima unajua.

Njiani kurudi nilimweleza, ili kuwe na mazungumzo tu, kwamba chama kimeamua mikutano hii ikome, na kwamba mchujo ujao utakuwa wa karatasi, kwa posta.

"Basi nitasimama wapi?" aliniuliza.

Nami ndiye niliyeiandikia hoja hiyo tasnifu nzima. Niliwasha vifutio vya kioo cha gari, ingawa theluji ilikuwa imekoma.

Nisalimie Mjomba Neville, Joyce na mumewe, na yule mdogo Alastair. Gaylen naye anakusalimu. Mungu awalinde baharini na nchi kavu, na akupe goti la kukuleta nyumbani siku moja.

Jambo moja la mwisho. Ni wewe uliyempeleka Baba kwenye mchujo wake wa kwanza, kabla hujaolewa. Ikiwa unakumbuka ni kwa nini alipachagua pale chini ya goli, niandikie. Mama hajui. Anasema alimkuta tayari amesimama.

Mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye daima,
Emmett