Siku Malori Hayakufika

Mkunya,
Jumapili jioni

Kwa kaka yangu Optatus,

Shikamoo kaka. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Masasi. Huku tunaendelea, isipokuwa Baba, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kwenye simu siwezi. Akili yake imechoka lakini masikio ni mazima, na haya sitaki ayasikie. Barua nampa jirani yetu Faruku, anakuja sokoni huko.

Unajua Baba hakupenda kuuzungumzia mwaka ule wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa mashambani kwao wakaletwa huku barabarani kwa malori. Tulichojua ni kwamba aliacha mikorosho yake ikamezwa na msitu, na kwamba Esther, mtoto wake wa ndoa ya kwanza, mvua ilimkuta hapa nyumba haijaezekwa, akaugua, akafa. Mama yake Esther akarudi kwao, ndoa ikaishia hapo.

Sasa Baba anazungumza kutwa nzima. Anasema malori yalikwama mchangani kule mteremkoni, yakageuza, serikali ikaghairi. Hakuna aliyehama. Mikorosho inazaa mpaka vibarua hawatoshi, na Esther ni mkunga, ana watoto watundu kupita kiasi. Kaka, sikufichi, nilifurahia. Nilikuwa namchokoza makusudi huku namenya mihogo, naye anacheka, anaongeza. Mzee aliyetulea kwa kununa, kumbe mcheshi!

Juzi nikajisahau, nikamuuliza mimi na Optatus tuko wapi. Akanitazama kwa adabu, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Ndipo nikaelewa. Marehemu Mama alikutana naye hapa kijijini, kwenye foleni ya maji. Malori yasipofika, hakuna Mama, hakuna sisi. Nililia jikoni kama mtoto. Nilitamani kumpigia kelele kwamba malori yalifika.

Sikuweza. Jana aligoma kula, akisema anamsubiri Esther. Nikamwambia ndimi Esther, Baba. Akanishika mikono, akaniomba radhi kwa ile mvua, kisha akala sahani nzima. Kumbe anajua kwamba yalifika, kaka. Tangu hapo naliitikia jina hilo, na ninajuta, maana sasa siwezi kurudi nyuma.

Ukija Krismasi, bisha hodi kama mgeni. Akikuuliza wewe ni wa nani, taja ukoo wa Mama. Si uongo, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Najua nakuomba jambo zito.

Wabusu watoto, umsalimie sana wifi. Na tafadhali nijibu, hata mistari miwili, lakini uanze kwa jina langu. Humu ndani hakuna tena anayeniita hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Yuliana