Nishani ya Shingoni

Jumanne, 20 Agosti 2019, Okahandja

Uazuva kapandishwa cheo. Jenerali! Mdogo wangu, niliyemsomesha kwa cherehani ya mkono, sasa jenerali wa Otruppa, kikosi chetu cha sare na gwaride. Jumapili atawaongoza hadi makaburi ya machifu. Koti nishone mimi — bure, nani mwingine?

Kaleta picha ya kufuatisha. Kutazama — yule jenerali wa Kijerumani! Aliyeamuru mwaka 1904 kila Mherero, kila mmoja wetu, auawe, mwenye bunduki na asiye nayo.

Nikamuuliza, picha nyingine zimeisha?

"Dada Kavetuna, babu zetu walivaa koti la adui ili nguvu zake zihamie kwetu. Umesahau?"

Sijasahau. Lakini wao waliwavua maiti wa adui. Huyu wa pichani alirudi kwao, akafia kitandani.

Alhamisi, 22 Agosti

Kola tayari. Mikono tayari. Mwalimu jirani kaiona picha, kanieleza yule jenerali alivyopanda vyeo: Afrika Mashariki, Uchina, kisha sisi. Baada yetu Kaisari akamvika nishani ya shingoni.

Wanane katika kila kumi wetu walikufa. Nishani moja.

Uazuva kachongesha ya shaba, sawasawa na ile.

Jumamosi, 24 Agosti

Tumegombana. Nimekataa kuishona nishani kwenye kola.

"Shingo tupu! Tjipuka wa kikosini atasema dada'ngu kaishiwa uzi."

"Na aseme."

Nikamkumbusha bibi yetu. Alikuwa na miaka mitatu mwaka ule, mgongoni mwa mama yake, wakikimbia jangwani Omaheke. Askari wa Kijerumani wamekalia visima. Mama mtu hakufika ng'ambo.

"Ndiyo maana naivaa! Wamwone nani kabaki."

Nikaitia nishani mfukoni mwangu. Neno lake linaniuma mpaka sasa.

Jumapili, 25 Agosti

Naandika nimesimama. Farasi wako nje, filimbi zinalia. Mama haoni tena. Kaomba ampapase mwanawe. Vifungo. Mabega. Kola.

"Hapa hapana kitu?"

Nikaitoa nishani mfukoni, nikamwekea kiganjani, nikamwambia ni mfano wa ile ya jenerali wa Kijerumani. Basi — aamue yeye!

"Alipewa kwa kazi gani mwenyewe?"

Uazuva kaniangalia. Jenerali mzima, kama mtoto aliyevunja chungu.

"Kwa ajili… kwa ajili yetu, Mama."

Mama kafumba ngumi.

Tjipuka anaita mlangoni: "Jenerali! Jua limepanda! Au dada bado anakupima kiuno?" Wanacheka huko.

Uazuva kapiga magoti mbele ya Mama, kofia mkononi. Anambembeleza, ampe.

Ngumi haijafunguka.