Namba za Uongo Kwenye Daftari la Pumzi

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja: kwa miezi minane nimekuwa nikiandika namba za uongo kwenye daftari langu la pumzi.

Nina miaka kumi na sita, nilizaliwa njiti, mimba ikiwa na miezi sita na nusu, na mpaka leo mapafu yangu hayajawa kama ya wenzangu, kwa hiyo natumia dawa ya kuvuta asubuhi na jioni, na kila asubuhi napuliza mara tatu kwenye kibomba cha plastiki chenye mshale, kisha naandika namba iliyo kubwa kwenye daftari ambalo daktari hulisoma kliniki. Mama ni dobi, na siku uchungu ulipomjia kabla ya wakati alikuwa amebeba mablanketi yaliyolowa, basi namba zilipoanza kushuka nilimsikia akimwambia mama mdogo, "Kila ikishuka, naona kama nimeyabeba tena yale mablanketi. Mtoto huyu nilimharibu mwenyewe." Mama mdogo akamwambia, "Dada, acha hayo," lakini hakuacha, alilia huku akikunja mashuka ya watu, na kesho yake mshale uliposimama kwenye mia mbili na thelathini mimi niliandika mia mbili na tisini.

Nilifanya kwa akili, Shangazi, naona haya kusema hivyo: wiki nyingine nilizishusha kidogo, maana namba zinazopanda tu hutia shaka. Mama akaanza tena kuimba akipiga pasi, akawa anawaonyesha wateja lile daftari, "Njiti wangu sasa chuma!" Kisha mwezi uliopita tulikwenda kliniki, mashine yao kubwa ya kupimia ilikuwa imeharibika, daktari akategemea daftari, akanipongeza, akaniondolea dawa ya jioni, akasema tukirudi na hali ikiwa hivi hivi ataondoa na ya asubuhi.

Sasa siwezi kumaliza ngazi za shule. Ghorofa ya pili kuna ubao wa matangazo, husimama hapo nikijifanya nasoma hadi pumzi irudi, tangazo la mashindano ya insha nalijua neno kwa neno, wenzangu wananiita Bibi Matangazo na mimi nacheka nao. Nimesoma kwenye kitabu cha maktaba kwamba mapafu kama yangu huenda yasifikie kamwe nguvu ya mengine. Nikisema ukweli namuua mama kwa huzuni, nikinyamaza naisha mwenyewe, na zimebaki wiki mbili turudi kliniki. Nifanye nini?

Bibi Matangazo

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Pole, tena pole sana. Sasa kaa nikugombeze.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wewe umeyaficha kwa kalamu na rula. Daktari wako anatibu daftari, hakutibu wewe. Ulitaka kumtua mama yako blanketi moja lililolowa, na ukiendelea utambebesha jeneza.

Watoto huzaliwa njiti kwa sababu nyingi, na mara nyingi sababu yenyewe haijulikani. Mapafu hukamilika mwishoni, nawe uliwahi kutoka. Hayo ya mablanketi aulizwe daktari. Si kazi yako kuyajibu kwa namba za kubuni. Wala sitakudanganya kwamba utapona kabisa. Kitabu chako hakikukosea. Lakini mapafu yasiyo na akiba ndiyo yanayotaka dawa yake, yakae mbali na moshi, yapimwe kwa kweli.

Usingoje wiki mbili. Leo puliza mbele ya mama yako. Kesho muwe kliniki. Usijiongezee dawa kwa kukisia. Na ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, nenda hospitali hapo hapo, nguo za watu zitasubiri.

BINTI ALITUANDIKIA TENA

Shangazi, jibu lako nililisoma nikiwa nimesimama pale kwenye ubao wa matangazo. Nilipofika nyumbani mama alikuwa akipiga pasi shati jeupe. Nikamwambia namba ni za uongo.

"Zipi?"

"Zote, mama. Miezi minane."

Hakunipiga wala hakulia. Alizima pasi, akasema, "Lete hicho kibomba." Nilipuliza mara tatu. Kubwa ilikuwa mia mbili na kumi. Mama aliiandika mwenyewe, akaikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Kesho yake hakupokea nguo za wateja, tukaenda kliniki. Daktari alinirudishia dawa ya jioni. Habari ya mablanketi mama hakuiuliza, kwa hiyo niliuliza mimi. Daktari akasema, "Hapana, mama, si mablanketi." Mama alikuwa anatazama dirishani, sijui kama alisikia.

Hajaimba tangu siku hiyo. Kila asubuhi anakaa mbele yangu na kalamu, mimi napuliza, yeye anaandika. Leo ilikuwa mia mbili na tano.