Ngazi ya Dungu

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Kichwa changu ni nusu! Priscilla amenisuka upande wa kushoto tu, giza likaingia, akasema atamalizia kesho, nisife. Naonekana kama mtu aliyetoroka kwa msusi. Sijali. Ni likizo, mpunga umeshatoa masuke, na kwelea wamefika kabla yetu kama kawaida yao. Kutwa tunaamia ndege — Priscilla juu ya dungu la kwao, jukwaa refu la miti katikati ya shamba, mimi juu ya letu, tunapigiana kelele mpaka sauti zinakauka.

Jioni Baba mdogo Komora alikuja kula. Akasimulia tena! Jinsi Baba alivyomkuta Mama dunguni enzi zao, akaondoa ngazi, akakaa nayo chini hadi Mama akakubali kuolewa. Hakuna harusi ya kwetu ambayo hiyo hadithi haikusimuliwa. Tukacheka. Kaka Jairus alicheka kuliko wote. Mama aliinuka kwenda kutazama sufuria.

Jumatano, 13 Agosti

Priscilla hajaja kunimalizia. Jana hakuja, leo pia. Lakini Jairus anapiga mluzi tangu asubuhi. Nikambana. Akasema wako pamoja sasa, yeye na Priscilla — alimkubali jana, dunguni.

Nilirukaruka! Kaka yangu na rafiki yangu! Nikakimbia hadi shambani kwao, nikaita kutoka kwenye tuta: "Wifi! Wifi yangu!"

Hakugeuka. Alirusha tope kwa kombeo mahali ambapo hapakuwa na ndege hata mmoja. Nikarudi nyumbani nimenywea.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilimfuata mtoni alipokwenda kuchota maji. "Usiniite wifi," akasema. Basi. Nikaketi. Mimi, ambaye sijui kunyamaza, nilinyamaza. Ndipo akasema.

Jairus alikuja dunguni kwao Jumanne. Hakubisha hodi — na huku kwetu hata mtoto anajua dungu lina hodi yake kama nyumba. Akaondoa ngazi. Eti sema unanitaka, nikurudishie. Priscilla alicheka kwanza, akidhani ni utani. Akamwambia hapana. Akamwambia tena hapana, niko na masomo, na mimi sikutaki hivyo. Jairus anasimama tu na ngazi yake, anacheka. Jua kali, maji ya kunywa yameisha, na kule juu ni kama paani. Mwishowe Priscilla akasema haya, ndiyo. Jairus akairudisha, akapanda, akambusu.

"Sikumsukuma," Priscilla akasema. "Niliogopa ataiondoa tena. Sasa si ni mimi nimekubali?"

Nikamwambia hapana, hukukubali, ulikuwa huna pa kushukia. Akalia kidogo, akanawa uso. Nilitaka kumshika mkono. Nikamwuliza kwanza. Akanipa.

Jioni nikamvaa Jairus. "Si alisema ndiyo? Muulize mwenyewe!" Nikamwambia na zile hapana zote za kabla yake? "Zii, wasichana husema hivyo mwanzo. Na Baba je? Baba alifanyaje?"

Hasira! Nimekula wali mkavu ili nisikae naye kwenye mchuzi mmoja.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilikuwa na mpango. Jairus akipanda dungu letu, naondoa ngazi, aive huko juu kama samaki wa kubanika. Mama akanikuta nimeishika tayari. Ikabidi nimweleze yote.

Akaketi kwenye tuta. Akasema irudishe, mwanangu. Ukimfanyia hivyo atajifunza kwamba mwenye ngazi ndiye mshindi, na hilo analijua tayari.

Kisha akamwita Jairus ashuke. Na mimi nikasikia kwa mara ya kwanza maishani mwangu! Mama alikuwa ameshamkubali Baba zamani, kanisani Tarasaa, baada ya mazoezi ya kwaya. Ngazi ilikuwa mchezo wao wawili. Na Mama aliposema rudisha, Baba aliirudisha kabla neno halijaisha. "Komora alitukuta tunacheka," Mama akasema, "akabeba alichokiona. Sehemu hiyo nyingine haisimuliwi, haichekeshi."

Jairus hakuinua macho. "Kwa hivyo Priscilla hakunikubali," akasema polepole. Mama akamwuliza, wewe ulimsikia akisema nini kwanza?

Hajapiga mluzi tangu hapo. Ni kaka yangu. Nampenda na nimemkasirikia, yote mawili kwa pamoja, na yananichosha.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani na kitambaa kichwani. Jairus aliniomba nimwombee msamaha kwa Priscilla. Nikakataa! Mdomo anao. Ila nilimwuliza Priscilla kama angependa kumsikia. Akasema atasema akiwa tayari. Nikamfikishia Jairus hivyohivyo. Akasema sawa. Hakuuliza lini.

Jumanne, 19 Agosti

Naandika juu ya dungu la kina Priscilla, kichwa kinavutwa huku na huku, mistari hainyooki. Asubuhi alituma neno: Jairus aje, lakini wewe Maurine uwepo.

Mimi nilibisha hodi, akaniambia panda. Jairus alisimama mbali, kwenye tuta. "Hodi!" akaita. Priscilla akaanza kuvuta ngazi juu — nzito! — nikamsaidia, tukailaza kando yetu.

"Sema ukiwa hapohapo," akamwambia.

Akasema. Hakusema "kama nimekukosea, nisamehe." Alisema, "Nilikusikia ukisema hapana, nikajifanya sijasikia." Na kwamba amewaambia wenzake wa mpirani, aliokuwa amejisifu kwao, kwamba hakukubaliwa, alidanganya. Walimcheka.

Priscilla hajamjibu. Si karibu, si nenda. Amechukua kitana, anamalizia upande wangu wa kulia. Kwelea wameshuka upande wa mtoni, na Jairus amekwenda kuwafukuza bila kutumwa, anakimbia kwenye tope, kiatu kimoja kimebaki nyuma. Priscilla amecheka. Kidogo tu, kisha ameacha.

Nimemwuliza, tushushe ngazi?

"Bado," anasema. "Geuza kichwa."