Husuda Hapigwi

Utange, Jumapili. Mvua imekatika lakini bati bado linadondosha maji, na mimi sijatoka chumbani tangu asubuhi.

Naitazama picha iliyo juu ya kitanda cha Wafula. Alipewa na Mzungu mmoja mzee wa Bamburi tulipomjengea ukuta. Ni mchoro wa zamani sana, mistari mitupu ya wino. Miungu wa bahari wa Wayunani wako uchi, wanapigana kwa mifupa na mafungu ya samaki. Sanamu ya mkubwa wao imewapa mgongo. Nyuma yao amesimama kikongwe, mbavu nje, maziwa yameanguka, ameshika kibao. Mzungu alituambia jina lake ni Husuda.

Wanavunjana vichwa wao kwa wao. Yeye hakuna anayempiga.

Mimi na Wafula tulitoka Busia pamoja, tukalala chumba hiki miaka mitano. Mwezi uliopita wakamfanya nyapara wa machimbo. Alhamisi nilikuwa juu ukingoni, nimelitia jiwe mtaimbo, naye akanipigia kelele kutoka chini: "Mzee Shikuku, nikuletee kiti?" Wote wakacheka.

Machimboni kwetu, anayeangusha jiwe huita "Jiwe!" kisha hungoja wa chini ajibu "Lete!" Hata mgeni wa siku moja anajua.

Sikuita.

Nilisukuma tu. Lilimpata chini ya goti, mguu ukavunjika kama muwa. Mfupa ukatokeza, damu ikakoroga vumbi jeupe likawa uji. Alipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Na mimi, kwa pumzi moja, nilifurahi. Mungu ananijua.

Tulipombeba juu ya ubao wa mlango, alimwambia meneja, "Kosa langu. Shikuku aliita, mimi sikusikia."

Sasa ofisi inasema nyapara mzembe hana kazi tena.

Leo Bi Rukia, mwenye nyumba, alisimama mlangoni na sahani ya mihogo. "Shikuku mwanangu, hujala tangu Alhamisi. Wamlilia mwenzio?"

"Naam, bibi."

Akaniombea dua. Nilitaka ardhi inimeze.

Jumanne watamkata mguu. Kesho asubuhi siendi machimboni, naenda wodini, halafu kwa meneja. Nitamwambia Wafula: hukusikia kwa sababu sikuita.

Mikono yake bado mizima. Nitasogea karibu na kitanda, aweze kunifikia kwa ngumi.